Pora Akianza Kuwika: Namna ya Kumtambua Jogoo Mapema

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe vyake dume na jike, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Liko swali ambalo akina mama wa mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, hulileta mara kwa mara baada ya darsa, na aghalabu hulileta kwa haya, kana kwamba si la kumwuliza sheikh: vifaranga niliowanunua, nitajuaje yupi jogoo na yupi mtetea, na hao majogoo wataanza kuwika lini? Dada zangu, hapana haya katika swali hili. Ukilitazama juu juu utaliona dogo, lakini ndani yake mna haki tatu ambazo kila Muislamu ataulizwa: haki ya mali, kwa kuwa kila kifaranga hula, haki ya jirani, kwa kuwa jogoo hawiki kwa ajili ya nyumba moja, na haki ya mnyama mwenyewe, ambaye ni amana mikononi mwetu.

Chukua mfano wa mama aliyenunua vifaranga ishirini wa kienyeji kwa nia ya kuuza mayai, apate ada ya madrasa na nauli ya watoto. Kwa kawaida ya maumbile, karibu nusu yao ni madume. Asipoyajua mapema, atayalisha miezi mitano akihesabu mayai ya kuku ishirini, kumbe watagao ni kumi. Na kabla hesabu hiyo haijamfikia, itakuwa imemfikia jirani wa chumba cha pili, aliyerudi zamu ya usiku na ndiyo kwanza ameweka kichwa mtoni.

Jogoo mjini

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mithali hiyo yahusu watu, si ndege, kwani majogoo wa mjini huwika kama kawaida. Barabara kuu iipasuayo Eastlands yaitwa Jogoo Road. Jogoo ndiye aliyekuwa alama ya chama cha KANU, na jogoo mweupe mwenye shoka yumo katika ngao ya nembo ya taifa letu.

Na kwa Waislamu wa mji huu, kuku wa uani si jambo geni. Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920, na Pangani ya kale ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, jamaa zetu walihamia Majengo na Shauri Moyo pamoja na desturi zao za kuishi kwa ua na ujirani. Leo watu wamezidi na nyua zimepungua. Umoja, Kayole na Donholm, banda la kuku limepanda juu ya paa, kando ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Sauti iliyokuwa ikipotea uani sasa yashuka madirishani mwa ghorofa tano. Watafiti wa Ubelgiji walipima sauti ya jogoo karibu naye, wakaikuta imezidi desibeli 100. Wakaona pia kwamba afunguapo kinywa kuwika, mfereji wa sikio lake hujiziba, asijiumize kwa sauti yake mwenyewe. Subhanallah! Yeye amepewa kizibo, jirani hakupewa.

Siku ya kwanza

Kifaranga wa kienyeji wa siku moja hatambulikani kwa macho ya kawaida. Wako wadaio kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo, na yai la mviringo hutoa mtetea. Wako wamshikao kifaranga miguu wakamning'iniza waone kama atainua kichwa. Wako pia watumiao uzi na sindano. Hayo yote hayana msingi, na mama asiyaamini wala asiyatolee pesa.

Wajuzi wawezao kutambua siku ya kwanza wapo, lakini ni mafundi waliosomea. Wajapani ndio walioieneza elimu hiyo tangu miaka ya 1920: fundi humfunua kifaranga sehemu ya nyuma kwa uangalifu mkubwa, akatazama kijidutu kidogo mno. Si kazi ya kujaribiwa nyumbani, kwani mkono usiojua humwua kifaranga. Njia ya pili ni rangi, nayo hufaa kwa zile mbegu za kuku wa mayai tu zilizotengenezwa hivyo: majike huanguliwa na rangi ya hudhurungi, madume na rangi nyeupe ya kimanjano. Basi ukiuziwa kwa bei ya kutupa vifaranga weupe wa mbegu hiyo, fahamu kwamba aghalabu ni madume.

Hapa nina neno na wauzaji. Ikiwa wajua kwamba hao ni madume, mweleze mnunuzi kabla hajatoa pesa yake. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta maji chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu, na akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Jogoo aliyeuzwa kwa jina la mtetea ni unyevu uliofichwa chini ya rundo.

Dalili, wiki kwa wiki

Kanuni ya kwanza ni hii: walinganishe vifaranga wa umri mmoja na mbegu moja. Usimlinganishe kifaranga wa kienyeji na yule wa mbegu zilizoboreshwa, kama Kuroiler, Sasso au wale wa taasisi ya KALRO, Naivasha, kwani hao hukua kwa kasi nyingine.

Kati ya wiki ya tatu na ya sita, tazama upanga, ile nyama iliyo juu ya kichwa. Kwa dume huanza kusimama, kunenepa na kuiva rangi nyekundu. Kwa jike hubaki mdogo, umelala, na rangi yake ni ya manjano au waridi hafifu. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane, tazama zile nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo, ambazo wengine huziita ndevu: za dume hutangulia kukua na kuiva. Miguu ya dume huwa minene na mirefu zaidi. Katika mbegu nyingi, jike hutangulia kuota manyoya ya mkia yaliyokaa vizuri, ilhali dume hubaki na kimkia kifupi na mgongo uliochakaa kwa muda.

Hata hivyo, upanga una udanganyifu wake. Kuku aina ya kuchi, ambao watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wanawajua vyema, wana upanga mdogo uliobana kichwani hata wakiwa majogoo wazima. Mwenye kungojea upanga mkubwa kwa kuchi atangojea sana.

Dalili iliyo ya kutegemewa kuliko zote huja kati ya wiki ya 12 na ya 16, nayo ni manyoya. Mshike kuku kwa upole, utazame pale mgongo unapokutana na mkia. Kwa dume huota manyoya membamba, marefu, yenye ncha kali na mng'ao, yakalala pande mbili za kiuno. Ya shingoni nayo huwa na ncha. Kwa jike, manyoya ya mahali pale pale huwa mapana, na ncha zake ni za mviringo. Baadaye mkia wa dume huota manyoya marefu yaliyopinda mfano wa mundu. Dalili hii haibagui mbegu sana, na humfaa hata mwenye kuchi.

Tabia nayo husema, ingawa si ushahidi wa kutosha peke yake. Dume husimama wima, kifua mbele, na hutazamana na mwenziwe uso kwa uso wakiruka-ruka. Lakini majike nayo hugombana yakiwa madogo, basi usimhukumu kuku kwa ugomvi mmoja. Ama kipi, ule mwiba wa mguuni, usiungojee: hukua polepole, na huonekana vizuri baada ya mambo mengine yote kuwa wazi. Tena kuku jike mzee aweza kuwa nao.

Tahadhari moja kubwa. Mtetea akikaribia kutaga, kwa kawaida katika mwezi wa tano au wa sita, upanga wake nao huiva ukawa mwekundu. Wapo waliomchinja mtetea wa namna hiyo wakimdhani ni jogoo, wakayakuta mayai tumboni yamepangana kama shanga. Kabla hujanoa kisu, tazama manyoya ya kiunoni. Na ukimgusa mgongoni akachutama na kutandaza mbawa, huyo yuko karibu kukupa yai.

Sauti ya kwanza

Pora, yaani jogoo mchanga, aghalabu huanza kuwika akiwa na miezi minne au mitano. Wapo wanaotangulia wakiwa na miezi miwili tu na kitu, na wapo wanaochelewa hadi mwezi wa sita na zaidi, hasa pale bandani penye jogoo mkubwa mwenye kuwatawala. Sauti ya kwanza haifanani na kuwika: ni ya mikwaruzo, fupi, hukatika katikati kama mtoto anayejifunza kuadhini na pumzi zimemwishia. Baada ya wiki kadhaa hunyooka.

Upanga mwekundu na sauti hutoka katika chimbuko moja. Mwaka 1849, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Arnold Berthold, huko Göttingen, aliona kwamba pora akiondolewa korodani hukosa upanga wa kukua, hawiki wala hapigani. Na akirudishiwa korodani ndani ya mwili, hata mahali pasipo pake, hayo yote humrudia. Hivyo ilijulikana kwamba kuna kitu kiendacho ndani ya damu, ambacho leo huitwa homoni. Kwa mama wa nyumbani, faida yake ni hii: uonapo upanga unawiva mapema, jua sauti iko njiani. Una wiki kadhaa za kupanga la kufanya kabla jirani hajagonga mlango.

Pora si mwadhini aliyejaribiwa

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba tusikiapo jogoo wakiwika tumwombe Mwenyezi Mungu katika fadhila zake, kwani wamemwona malaika. Imepokewa kwa Abu Daud katazo la kumtukana jogoo, kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Na Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiamka saa ngapi usiku kwa ibada, akajibu kwamba ni pale amsikiapo mwenye kuwika.

Lakini je, mtu aweza kumtegemea jogoo kwa wakati wa sala? Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamelisema hili kwa uangalifu: mtu asiye na njia ya yakini aweza kujitahidi kuujua wakati kwa alama, na miongoni mwa alama hizo ni jogoo mujarrab, yaani aliyejaribiwa na kuonekana kuwa hakosei. Tazameni busara ya sharti hilo. Hawakusema jogoo yeyote. Pora hajajaribiwa, huwika adhuhuri, huwika akishtuka, huwika kwa sababu mwenziwe amewika.

Elimu ya leo imeongeza ufafanuzi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Huanza kuwika kiasi cha saa mbili kabla ya mwanga, hata akifungiwa mahali asipoliona jua. Kwa Nairobi, ambako mapambazuko hayasogei sana mwaka mzima, hiyo ni kama saa kumi usiku: wakati wa tahajjudi, kabla ya alfajiri ya kweli. Mwaka 2015 wakabainisha kwamba katika kundi moja jogoo mkubwa wa cheo ndiye atanguliaye, na wadogo humfuata kwa daraja.

Watafiti hao waliona pia kwamba mwanga wa ghafula na sauti za majogoo wengine humchochea jogoo kuwika. Eastlands ina taa ndefu za mulika mwizi, taa za matatu zipigazo madirisha, na banda juu ya kila paa la tatu. Basi usishangae pora akiwika saa sita za usiku. Usile daku wala usiache kula kwa sauti yake. Tazama ratiba ya sala na usikilize adhana ya msikiti wako. Sauti ya jogoo ni ya kukuzindua, na wakati una watunzaji wake.

Mtetea awikapo

Hutokea, si mara nyingi, kuku aliyekuwa akitaga akaota upanga mkubwa, akaacha kutaga na kuanza kuwika. Katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, huingia hofu: watu husema ni mkosi, ni ishara ya msiba, na kuku huchinjwa siku hiyo hiyo. Wengine humkimbilia mganga na kutoa pesa waliyoiweka kwa kodi ya nyumba.

Ukweli ni huu. Kuku jike ana kifuko kimoja tu cha mayai kifanyacho kazi, nacho ni cha upande wa kushoto. Kikiharibika kwa ugonjwa au uzee, homoni za kike hupungua, na maumbile ya kiume huchomoza. Huo ni ugonjwa wa kuku, hauna habari na mauti ya mtu. Mtume (s.a.w.) ametukataza tiyara, yaani kuona mkosi kwa ndege na mfano wake. Mama Muislamu akisikia mtetea amewika, aseme Allahu Akbar, amchunguze kuku wake, alale usingizi wake. Akitaka kumchinja kwa kuwa hatagi tena, na amchinje kwa kitoweo, lakini asimchinje kwa hofu.

Haki ya jirani na haki ya pora

Umekwisha kuwatambua majogoo. Sasa ufanyeje? Kwanza, fahamu kwamba mtetea hutaga bila jogoo. Ukiwa unataka mayai ya kuuza tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Ukitaka vifaranga, jogoo mmoja atosha mitetea wanane hadi kumi. Waliobaki ni mali inayongoja uamuzi: wauze mapema katika soko la Burma au Kariokor, au walee kwa kitoweo cha Idi na wageni. Ila fahamu kwamba kuku, hata awe mnene vipi, hatoshi kwa akika wala kwa udhhiya. Hufaa kwa karamu na sadaka.

Pili, muulize mwenye nyumba kabla hujaleta banda, na uwaulize jirani. Kaunti ya Jiji la Nairobi ina sheria ya mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na nchi ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Muislamu, hata hivyo, hangojei askari wa kaunti ndipo amkumbuke jirani. Jibrili aliusia juu ya jirani mpaka Mtume (s.a.w.) akadhani atamfanya mrithi. Katika ploti ya vyumba kumi, yupo mgonjwa, yupo mzazi mwenye kichanga, yupo askari wa usiku, na yupo jirani asiye wa dini yetu, ambaye ataujua Uislamu wako kwa namna unavyolichukulia lalamiko lake.

Tatu, ukibaki na jogoo, mlaze mahali penye giza na hewa ya kutosha, mbali na madirisha ya watu na mbali na taa ya barabarani, umtoe baada ya kupambazuka. Saa ya mwilini haitazimika, lakini vichocheo vitapungua. Usimfunge mdomo wala usimkaze kamba shingoni. Hiyo ni adhabu, na mwanamke aliyemfungia paka bila chakula khabari yake mwaijua. Vilevile watoto wasiwapiganishe majogoo kwa mchezo, maana kuchochea wanyama wapigane kumekatazwa. Na siku ya kuchinja, kisu kiwe kikali, kisinolewe mbele yake, wala asichinjwe mbele ya wenziwe.

Nne, mpe jirani fungu lake. Tumehimizwa tuzidishe mchuzi ili jirani apate. Pora wa kwanza wa banda lako, akipikwa kwa nazi na sahani moja ikavuka kizingiti, huenda akamaliza manung'uniko ya miezi mitatu.

Wafundisheni watoto kumtambua pora kwa manyoya yake. Wapeni daftari waandike siku kila mmoja alipoota upanga na siku alipotoa sauti ya kwanza. Watajifunza kutazama kabla ya kuhukumu, na hiyo ni elimu itakayowafaa hata siku wasipokuwa na kuku. Mwenyezi Mungu atubarikie mali zetu kidogo, atupe ujirani mwema, na atujaalie tuwe wenye kuamka isikikapo sauti ya alfajiri. Amin.